Mtoto, Mbwa na Jicho la Mzazi: Uangalizi wa Watoto Wadogo na Majeraha ya Ndani ya Wanyama wa Nyumbani



Katika mitaa mingi ya miji yetu, geti la nyumba hubeba kibao chenye maneno machache yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu: "Hatari! Mbwa Mkali." Kibao hicho humwonya mgeni, mpita njia na mwizi. Lakini ndani ya geti hilohilo wanaishi watoto wa nyumba hiyo, na baadhi yao hawajui hata kusoma. Mwenye nyumba aliyetundika kibao amekiri mbele ya watu wote kwamba anamjua mnyama wake kuwa ni wa hatari. Swali linalobaki ni hili: baada ya kujua, anawajibika nini kwa mtoto wake, kwa mtoto wa jirani, na kwa mnyama mwenyewe?

Makala hii inakusudia kuwasaidia wazazi na walezi kulijibu swali hilo. Ajali nyingi kati ya watoto wadogo na wanyama wa nyumbani huitwa za ghafla, kumbe zimeandaliwa polepole, na mara nyingi kinachoziandaa ni hofu: hofu ya mnyama aliyezoea kipigo, na hofu ya mtoto asiyethubutu kusema lililompata.

Mafundisho ya Kanisa kuhusu viumbe hai

Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu alimkabidhi mwanadamu viumbe hai ili avisimamie, na kwamba Adamu ndiye aliyewapa wanyama majina. Kumpa kiumbe jina ni kukubali uhusiano naye na kuwajibika juu yake. Ndiyo maana Sheria ya Sabato katika kitabu cha Kutoka iliwakumbuka hata ng'ombe na punda, ili nao wapate kupumzika, na kitabu cha Mithali (12:10) kinamtambua mtu mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2415–2418) inafafanua kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, na kwa kuwepo kwao tu humtukuza Muumba, kwa hiyo wanadamu wanawiwa kuwatendea kwa wema. Kuwatesa au kuwaua bila sababu ya lazima ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe. Papa Fransisko, katika Waraka wake "Laudato si'" wa mwaka 2015 juu ya utunzaji bora wa nyumba ya wote (na. 92), anaongeza kwamba moyo wa mtu ni mmoja: ukatili anaomtendea mnyama hauchukui muda mrefu kujidhihirisha katika mahusiano yake na watu. Hata hivyo, Katekisimu hiyohiyo inaweka mpaka ulio wazi: mtu anaweza kuwapenda wanyama, lakini asiwape upendo unaowastahili wanadamu peke yao. Uhai na usalama wa mtoto hutangulia daima.

Kuna kifungu kingine cha Maandiko Matakatifu kinachogusa moja kwa moja suala hili, ingawa hatukitafakari mara nyingi. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, aya ya 28 na 29, Sheria ya Musa inazungumzia ng'ombe aliyempiga mtu pembe hadi kumuua. Kama mwenye ng'ombe hakujua tabia hiyo, hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alizoea kupiga watu pembe, na mwenyewe alikwisha kuonywa wala hakumfunga, hatia inamwangukia yeye kwa uzito wote. Tangu zamani zile, Neno la Mungu limetofautisha bahati mbaya na uzembe. Kinachozitenganisha ni kujua. Mzazi aliyekwisha kumsikia mbwa wake akimngurumia mtoto amekwisha kuonywa.

Mnyama naye hubeba kiwewe

Tuchukue mfano ambao wengi watautambua. Familia moja inahama mtaa na kuwaachia majirani mbwa wao. Majirani wanampokea kwa furaha, kwa kuwa wanahitaji ulinzi. Hawaulizi alilelewaje. Mchana anafungwa mnyororo mfupi nyuma ya jiko, usiku anafunguliwa. Wiki ya pili, mtoto wa miaka minne anamkaribia wakati wa kula, naye ananguruma. Baba anachukua fimbo na kumchapa, ili ajifunze adabu. Baada ya hapo mbwa hangurumi tena, na wote wanaridhika kwamba amekuwa mpole. Mwezi unaofuata, mtoto yuleyule anamkuta amelala kivulini, anamkumbatia shingoni kama anavyomkumbatia bibi yake, na mbwa anamuuma usoni. Watu wanakusanyika na kusema: "Ajabu! Ameuma ghafla, wala hakutoa hata sauti."

Hakutoa sauti kwa sababu alifundishwa kwa fimbo kwamba sauti huleta kipigo. Mngurumo ni onyo la mnyama, ni namna yake ya kusema "nimeogopa, nipishe." Anayempiga mbwa kwa kunguruma haondoi hofu iliyomo ndani yake, anaondoa onyo tu, na hofu inabaki palepale.

Wataalamu wa tabia za wanyama wanakubaliana kwamba mbwa, paka na wanyama wengine wanaweza kubeba kiwewe kwa muda mrefu baada ya mateso kwisha. Mbwa aliyepigwa mawe na watoto wa mtaa anaweza kumwogopa kila mtoto anayekimbia. Aliyechapwa kwa ufagio anaweza kushtuka kila dada wa kazi anaposhika ufagio. Aliyefungwa mnyororo tangu akiwa mdogo, bila kuzoea watu, hana njia ya kukimbia anapoogopa, na mnyama asiye na njia ya kukimbia hubakiwa na meno yake. Milio ya fataki za mwaka mpya, radi, na kelele za ugomvi ndani ya nyumba humsumbua pia. Wengine huonesha kiwewe kwa kujificha, kutetemeka, kukojoa wanapokaribiwa au kukataa chakula. Wengine kwa kuuma. Maumivu ya mwili nayo huchangia: mbwa mwenye kidonda, sikio lililooza au mguu uliovunjika anaweza kumuuma hata anayempenda.

Kusema haya si kumtetea mnyama dhidi ya mtoto. Mzazi anayefahamu chanzo cha hatari ndiye anayeweza kumkinga mwanawe.

Lugha ambayo mtoto hawezi kuisoma

Kabla ya kuuma, mbwa wengi hutoa ishara. Hugeuza uso pembeni, hulamba midomo ingawa hakuna chakula, hupiga miayo ingawa hana usingizi. Hulaza masikio nyuma na kukunja mkia katikati ya miguu. Hukodoa macho hata weupe wa jicho ukaonekana pembeni. Ishara ya hatari zaidi ni mwili kukakamaa na kutulia kabisa, kama mnyama aliyegeuka jiwe. Kutikisa mkia peke yake si uthibitisho wa urafiki, kwa kuwa mbwa mwenye taharuki naye hutikisa mkia.

Mtoto mdogo hawezi kuzisoma ishara hizi. Anapoona meno ya mbwa aliyekasirika, huweza kudhani anatabasamu. Anapenda kukumbatia, kubusu, kuvuta mkia, kupanda mgongoni. Na kwa kimo chake, uso wake uko sawasawa na mdomo wa mbwa. Ndiyo maana majeraha ya watoto wadogo mara nyingi huwa kichwani, usoni na shingoni, na mara nyingi huletwa na mbwa anayefahamika, si mbwa mgeni. Kumwambia mtoto wa miaka mitatu "usimsogelee mbwa" kisha kuondoka si uangalizi. Ni kumkabidhi mtoto ulinzi wa nafsi yake mwenyewe.

Uangalizi maana yake nini?

Kwanza, mwangalizi ni mtu mzima. Kaka mwenye miaka minane ni mtoto pia. Anaweza kusaidia, lakini asibebeshwe dhamana hii. Dada wa kazi anayepika, kufua na kulea kwa wakati mmoja hawezi kuwa macho kila dakika, na ni haki yake kuelezwa tangu siku ya kwanza tabia za mnyama aliyemkuta katika nyumba hiyo.

Pili, kuangalia ni kuwa karibu kiasi cha mkono kumfikia mtoto, na macho yakiwa kwa mtoto na mnyama, si kwenye simu. Pale ambapo mtu mzima hawezi kufanya hivyo, hata kwa dakika moja, mtoto na mnyama watenganishwe kwa mlango, uzio au banda. Mtoto mchanga asiachwe kamwe peke yake na mbwa au paka, hata kama mnyama huyo hajawahi kumdhuru mtu. Geti la nje lifungwe ili mtoto wa jirani asiingie bila mtu kujua.

Tatu, zipo nyakati ambazo mnyama asisogelewe kabisa: anapokula, anapolala, anapougua, anaponyonyesha, na anapokuwa amefungwa mnyororo. Sheria hii haimhusu mbwa peke yake. Paka mwenye watoto, kuku mwenye vifaranga, jogoo mkali na ng'ombe aliyezaa karibuni wamewaumiza watoto wengi katika vijiji vyetu.

Nne, watoto wafundishwe kulingana na umri wao. Wajifunze kuomba ruhusa kwa mwenye mnyama kabla ya kumgusa, kumwacha mnyama aje mwenyewe, na kumgusa taratibu kifuani au mgongoni badala ya kumkumbatia. Wakikutana na mbwa asiyefahamika njiani kuelekea shuleni, wasikimbie wala kupiga kelele. Wasimame wima kama mti, mikono ikiwa imeshuka ubavuni, wasimtazame machoni, na wangoje apite. Wakiangushwa, wajikunje kama jiwe na kufunika shingo na masikio kwa mikono. Mambo haya hufundishika kwa mchezo, hata katika darasa la Utoto Mtakatifu.

Tano, watoto wasiruhusiwe kuwapiga wanyama mawe. Mtaani kwetu jambo hili huonekana kuwa mchezo tu. Lakini mbwa aliyepigwa mawe leo na watoto wakubwa atamlipizia kesho mtoto mdogo asiye na kosa, na mtoto anayezoea kucheka maumivu ya kiumbe hai anaufanya moyo wake kuwa mgumu. Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama. Mkristo, hata hivyo, hana haja ya kungoja sheria imlazimishe.

Mtoto anayeficha jeraha

Tunafika sasa kwenye jambo zito kuliko yote. Mtoto amekatazwa kucheza na mbwa, akacheza, akaumwa kidogo mguuni. Anafahamu kwamba akisema, atachapwa. Anavuta soksi juu ya jeraha na kunyamaza. Kama mbwa yule alikuwa na kichaa, ukimya huo unaweza kuyagharimu maisha yake.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini kwa kuumwa, kwa kuparuzwa, au mate yanapogusa jeraha, jicho au mdomo. Virusi husafiri polepole katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki chache au zaidi ya mwaka. Muda huo ndio nafasi ya kuokoa maisha. Dalili zikishaanza, kama vile homa, kuwashwa mahali pa jeraha, kuweweseka na kuogopa maji, karibu kila mgonjwa hufariki dunia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto walio chini ya miaka 15. Mbwa ndiye chanzo cha maambukizi hayo kwa hadi asilimia 99.

Lakini ugonjwa huu unazuilika. Mtoto akiumwa au kuparuzwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe pilipili, majivu, mafuta wala dawa yoyote ya kubahatisha, na lisifungwe kwa kubana. Apelekwe siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa ni wa nyumbani. Huko mtaalamu ataamua juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa, juu ya dawa ya kingamwili kwa majeraha makubwa, na juu ya kinga ya pepopunda. Chanjo hutolewa kwa sindano kadhaa katika tarehe tofauti, na zote zinapaswa kukamilishwa. Mbwa au paka aliyeuma, kama anaweza kufungiwa kwa usalama, asiuawe kwa hasira. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, na ofisa mifugo ajulishwe. Uchunguzi huo usimcheleweshe mtoto kupata tiba.

Wazazi wapendwa, mtoto anapaswa kufahamu mapema, kabla ya jambo lolote kutokea, kwamba akiumwa na mnyama hatapigwa wala kufokewa. Mwambieni leo, kwa maneno yanayoeleweka: "Ukiumwa, ukiparuzwa, hata kama ulikuwa umekosea, njoo uniambie." Kama vile fimbo ilivyomnyamazisha mbwa asitoe onyo, ndivyo inavyoweza kumnyamazisha mtoto asiombe msaada. Nyumba ambamo kila kosa hujibiwa kwa kipigo huonekana kuwa na nidhamu, kumbe imejaa mambo yaliyofichwa.

Kuponya hofu ya mtoto na ya mnyama

Jeraha la mwili likipona, hofu huweza kubaki. Mtoto anaweza kuota ndoto za kutisha, kukojoa kitandani alipokuwa amekwisha kuacha, au kukataa njia inayopita penye mbwa. Asichekwe, wala asiambiwe kwamba mwanaume haogopi. Asilazimishwe kumgusa mbwa ili "azoee." Asikilizwe, aruhusiwe kusimulia au kuchora yaliyompata, ashikwe mkono katika njia anayoiogopa. Hofu ikiendelea kwa wiki nyingi na kuvuruga usingizi au masomo, wazazi watafute msaada wa mtaalamu wa afya ya akili.

Mnyama mwenye kiwewe naye huhitaji utaratibu na muda. Apewe mahali pake patulivu ambapo watoto hawafiki, chakula na maji kwa saa zilezile, na mtu mzima mmoja wa kumhudumia kwa sauti ya upole. Asipigwe. Apimwe na daktari wa mifugo, kwa kuwa ukali mwingine ni maumivu yasiyoonekana. Mabadiliko huja kwa wiki na miezi, na wengine hawaponi kabisa. Mnyama aliyekwisha kuuma na kubaki wa hatari asikae tena mahali wanapocheza watoto. Familia imshirikishe daktari wa mifugo katika kuamua hatima yake, wala isimhamishie jirani hatari hiyo bila kumweleza ukweli.

Wajibu wa Parokia na Jumuiya

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Ni yeye aliyemchanja kwa mara ya kwanza, Julai 1885, mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Siku sita baadaye, tarehe 4 Oktoba, Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Assisi, na katika maeneo mengi wanyama hubarikiwa siku hiyo. Ukaribu wa tarehe hizi ni nafasi njema. Parokia inaweza kumwalika ofisa mifugo wa kata ili mbwa na paka wapate chanjo wiki ileile wanayoletwa kwa baraka. Wataalamu wanaeleza kwamba kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa wa eneo husaidia kukata mnyororo wa maambukizi kati yao. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, zinazojua kila nyumba yenye mbwa na kila nyumba yenye mtoto, zina nafasi ya pekee katika kazi hii. Aidha, gharama za chanjo kwa aliyeumwa na nauli ya kurudi kituoni kila tarehe inayopangwa huwaelemea baadhi ya wazazi, wakakatisha tiba katikati. Mchango mdogo wa Jumuiya unaweza kuwa ndio uhai wa mtoto.

Kitabu cha Tobiti kinasimulia safari ndefu ya kijana Tobia, aliyetoka nyumbani akiongozana na Malaika Rafaeli, na mbwa wao akawafuata. Kijana alisafiri na mnyama, lakini hakusafiri bila mwongozi. Watoto wetu nao waishi na viumbe vya Mungu kwa furaha na upole, huku wakiwa na mtu mzima kando yao, anayeona kabla hawajaumia na anayewasikiliza wanapoumia. Mungu azibariki familia zetu, awalinde watoto wetu, na atujalie kuwa wasimamizi wema wa kazi ya uumbaji aliyotukabidhi.